Jani la Aliyetangulia

"Jani la aliyetangulia ni ukuta." Ndivyo shangazi yenu alivyomwambia jana yule kijana wa bodaboda aliyetaka kuyapita matawi yaliyotandazwa barabarani, pale lori lilipoharibikia kwenye kona. Nanyi mkacheka, mkauliza tangu lini jani likawa ukuta. Basi kaeni, na aliyeshika simu aiweke chini. Maneno hayo yalizaliwa hivi.

Zamani, kabla ya reli, Wanyamwezi walisafiri kwa miguu, mizigo mabegani, kwenda ziwa Tanganyika. Kabla ya kulifikia walivuka milima yenye ukungu mzito, na huko njia za watu na za wanyama huchanganyika. Kwa hiyo kiongozi wa msafara, kila alipofika njia panda, alikata tawi bichi akalilaza juu ya njia isiyofaa. Huko kuliitwa kufunga njia, na tawi lenyewe waliliita jani. Aliyebaki nyuma hakuhitaji kumuuliza mtu.

Katika msafara mmoja walikuwamo Ndaki na mkewe Milembe, ambao hawakuwa na muda mrefu tangu waoane. Ndaki alikuwa mcheshi, mwenye miguu mepesi, na ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: hakupenda kuwa nyuma ya mtu. Sasa siku ya kuteremka ziwani, kamba ya mzigo wake wa majembe ikakatika kileleni. Wakakaa kuisuka upya, wenzao wakatangulia. Ndaki alisuka huku amenuna, maana wa mwisho kufika kambini alitungiwa wimbo wa kumcheka, na akalala popote palipobaki.

Walipoondoka, ukungu ulikuwa umeshuka, hata Milembe akawa anaufuata mgongo wa mumewe tu. Mbele wakafika njia panda. Njia ya kulia ilikuwa wazi, ikizunguka mbali ubavuni mwa mlima. Ya kushoto iliteremka moja kwa moja, na juu yake lilikuwapo tawi, utomvu bado unatoka pale lilipokatwa.

Milembe akageukia kulia. Ndaki akasimama.

"Sikiliza," alisema.

Kutoka njia ya kushoto, karibu kabisa, watu walikuwa wakiimba. Ulikuwa wimbo wa kufika kambini, ule unaoimbwa mizigo inapotuliwa. Milembe aliitambua sauti ya Mzee Luhende, kiongozi wao, yenye mikwaruzo, na sauti za wanawake wakimwitikia. Hata harufu ya moshi wa kuni iliwafikia.

"Wako hapo chini tu," Ndaki alisema. "Sisi tuuzunguke mlima mzima, halafu watucheke?"

"Njia imefungwa, mume wangu. Jani hilo."

"Nimeliona. Mzee Luhende amezeeka, amefunga njia aliyopita mwenyewe. Kwani hao wanaoimba wamepita wapi?"

Milembe akausikiliza tena ule wimbo. Katika sauti za wanawake kulikuwa na moja iliyochelewa kidogo kuitikia, kisha ikapanda juu mwishoni. Aliijua. Ilikuwa sauti yake mwenyewe.

"Ndaki, usivuke," alisema, akamshika mkono. "Niko hapa nawe, na huko nako nipo. Najisikia ninaimba."

Ndaki akacheka, wala si kwa ubaya. "Hiyo ni njaa, mke wangu. Nifuate." Akajinasua taratibu, akaliruka tawi, akapotelea ukunguni.

Milembe alimwita. Alimwita tena akilia. Hakujibiwa, ila wimbo uliongezeka sauti moja ya kiume, nyepesi, yenye furaha, sauti aliyoipenda kuliko zote duniani. Jamani, alitamani kumfuata! Mguu wake ulikuwa umekwisha kuinuka juu ya tawi. Akaurudisha, akaziba masikio, akakimbia njia ya kulia, akianguka na kuinuka, mpaka kambini ufukweni.

Kambi ilikuwa kimya.

"Wimbo gani, mwanangu?" Mzee Luhende aliuliza, uso ukambadilika. "Leo hatujaimba. Chini ya mlima ule hatuimbi kamwe."

Kesho yake ukungu uliondoka, wakarudi pamoja. Kiongozi mwenyewe alitangulia kulivuka tawi. Nyayo za Ndaki zilikwenda mwendo mfupi, zikafika penye nyasi laini. Hapo mzigo wake ulikuwa umetuliwa vizuri, umeegemezwa kwenye jiwe, kama mtu anavyofanya akishafika kambini. Viatu vilikuwa vimevuliwa. Mkeka ulikuwa umetandikwa, na ulitandikwa kwa nafasi ya watu wawili. Baada ya mkeka, ardhi ilikwisha. Lilikuwa genge, na ziwa lilionekana mbali chini yake. Mwili hawakuupata.

Milembe aliugusa mkeka, upande uliokuwa wake. "Mzee, ulijua kuna nini huku?"

"Sikujua," Mzee Luhende alisema. "Baba yangu alikuwa akifunga hapa, nami nikafunga. Hakuniambia sababu, na nadhani hata yeye hakuambiwa."

Milembe hakurudi kwao. Alijenga pale kambini ziwani, akazeekea hapo, na kila msafara uliposhuka alikuwa na neno lake kwa wasafiri. Wenye haraka walimcheka, kama nyinyi jana. Siku moja mwanamke mmoja alimuuliza, "Bibi, jani hata mbuzi analila. Litamzuiaje mtu?"

"Halimzuii," Milembe alimjibu. "Mume wangu aliliruka akicheka. Lakini mimi, mjukuu wangu, ukungu ukishuka bado namsikia akiniita kule juu, na sauti yangu ya ujana inamwitikia. Kila mara miguu inataka kwenda. Sina mlango wa kufunga, wala mtu wa kunishika. Nina jani tu, na nimeamua mwenyewe liwe nini. Jani la aliyetangulia ni ukuta."