Hodi ya Mama Nungu

"Paukwa!"

"Pakawa!"

Walioko nyuma sikuwasikia. "Paukwa!"

"Pakawa!"

Haya, sogeeni motoni. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na simu, alikuwako Mama Nungu. Mwanawe wa pekee, Sikitu, aliolewa ng'ambo ya mto, akaondoka na mimba changa. Mvua zikanyesha, mto ukafurika, daraja likaenda na maji. Mama Nungu akabaki na simu tu.

Ng'ambo hii wanyama wote walitumia programu ya Kasuku, iitwayo Sema. Ng'ambo ile walitumia ya Popo, iitwayo Sikia. Wawili hao walikuwa mahasimu wa biashara. Ujumbe wa huku hauingii kule.

Kila asubuhi Mama Nungu alitenga vikombe viwili vya uji, akaishika simu. "Hodi, Sikitu. Hodi, mwanangu. Hodi." Kimya. Alikunywa kimoja, kingine kikapoa. Miaka miwili ikapita hivyo.

Siku moja akamfuata Kasuku mkuyuni.

"Baba Kasuku, hodi zangu zinakwama. Sijui hata mwanangu kajifungua nini."

"Mwambie ahamie Sema!"

"Nimwambieje, nawe humfikishi?"

Kasuku akajikuna kichwa.

Jioni Popo akaja kula makuyu.

"Baba Popo, hodi zangu zinakwama."

"Hamia Sikia, mama."

"Haifiki ng'ambo hii."

"Basi subiri ifike. Nikimfungulia mlango yule mpiga kelele, kesho atanibebea wateja wote."

Mama Nungu akainuka aende zake, kisha akatazama juu. Tawi la chini lilikuwa limejaa makuyu mabivu. Kasuku alikuwa ameshinda hapo mchana kutwa.

"Baba Kasuku, mbona hili hukuligusa?"

"La Popo hilo. Macho yake mabovu, akipanda juu ataumia."

"Nawe Popo, mbona la juu hulili?"

"La Kasuku. Akiamka na njaa ataamsha kijiji kizima."

Mama Nungu akasema taratibu, "Mti mmoja, na kila mmoja ana tawi lake. Hodi yangu haiombi tawi, wanangu. Inaomba njia."

Wakatazamana.

"Wateja wangu ni wangu," akasema Kasuku.

"Na wangu ni wangu," akasema Popo. "Lakini hodi ipite."

Wakazifungulia hodi njia kati ya Sema na Sikia. Mama Nungu alipofika nyumbani, simu yake ikalia, ikalia, ikalia. Zilikuwa hodi za Sikitu, za miaka yote miwili.

"Mama, hodi! Nimepata wa kike."

"Mama, hodi! Kaota mwiba wa kwanza."

"Mama, hodi. Mbona huitiki? Umenikasirikia?"

Ya mwisho ilikuwa sauti ndogo: "Bibi, odi."

Mama Nungu hakuruka wala hakupiga vigelegele. Aliketi mbele ya kile kikombe cha pili, akaanza na hodi ya zamani kuliko zote, akaziitikia moja moja.

"Karibu, mwanangu. Karibu, mwanangu. Karibu."

Hadithi yangu imeishia hapo, Mama Nungu angali anaitikia.