Kenge na Chombo cha Kuchuja Maji

— Jamani, nina hadithi kichwani. Niitue?
— Itue!
— Ni nzito, na inavuja maji.
— Itue hivyo hivyo, tulowe!

Basi, alikuwepo Kenge. Nyumba yake ilikuwa juu ya jabali, madirisha yakitazama bahari, na sebuleni aliweka tangi la kioo refu kama kitanda. Alilijaza maji ya chumvi, akapanga matumbawe, akatia vitatange, akatia pono, akatia tasi, akatia na Uduvi mmoja. Wageni walikuja kutazama. Walisema, "Mashallah!" Kenge akavimba kichwa. Wageni wakishaondoka, Kenge hutia mkono tangini, chubwi! Humtoa mmoja, humla. Kesho yake chubwi! Humtoa mwingine, humla. Uduvi hakuliwa, kwa sababu hakujaza hata pengo la jino.

Samaki wengi, tangi moja, na maji hayabadilishwi. Mnajua yatakayotokea. Maji yakageuka rangi ya chai, yakaanza kunuka. Pono mmoja akaelea, tumbo juu. Tasi mmoja akaelea, tumbo juu. Kenge akawaka.

"Wanakufa kabla sijawala! Huu si wizi huu? Na Ijumaa wakwe zangu wanakuja kula samaki hapa!"

Ndani ya tangi, Kitatange mzee akamsogelea Uduvi.

"Maji yakibaki machafu, tunakufa. Yakisafika, Ijumaa tunaliwa. Wewe mwenye akili, unasemaje?"

"Nasema naogopa," Uduvi akajibu. "Nikimaliza kuogopa nitakwambia."

Kenge akamwita Ngedere, muuza vifaa vya matangi. Ngedere akaja na kapu limejaa. Alikuwa fundi wa kweli, jambo ambalo halikumsaidia mtu siku ile.

Akatoa sifongo yenye mrija wa hewa, akaitia majini. Bwu-bwu-bwu-bwu.

"Chombo cha kwanza hiki, bwana. Kinanasa uchafu. Ila ukioshe kila wiki, la sivyo uchafu unaozea humo humo."

"Wewe kidudu," Kenge akamgongea Uduvi kioo, "wewe ndiye unayekaa humo. Unakionaje?"

Uduvi akakigusa kwa sharubu. "Kizuri, Bwana Kenge. Ila ni kidogo."

"Kidogo? Mimi na kidogo wapi na wapi? Toa!"

Ngedere akatoa mkebe wenye mkaa, akapitisha maji ndani yake. Churu-churu-churu.

"Chombo cha pili hiki. Mkaa unaondoa rangi na harufu. Ila unachoka, lazima uubadilishe."

"Kidudu, unakionaje?"

"Kizuri, Bwana Kenge. Ila ni kidogo."

"Toa!"

Ngedere akatoa mtungi mrefu wenye kikombe juu. Fwoooo! Povu likapanda, likapanda, likamwaga uchafu mweusi kikombeni. Ngedere akatabasamu peke yake.

"Chombo cha tatu hiki. Kinautoa uchafu kabla haujaoza. Kwa tangi la matumbawe, bwana, kama ningekuwa wewe nisingetafuta kingine."

Safari hii Uduvi aliusogelea mtungi. Maji yalikuwa yameanza kupita vizuri kwenye mashavu yake, kwa mara ya kwanza tangu aletwe, na alitamani sana kusema ndiyo. Kisha akaikumbuka Ijumaa.

"Kizuri sana, Bwana Kenge. Ila ni kidogo."

"Sasa kikubwa kiko wapi?" Kenge akafoka.

"Kile pale." Uduvi akaelekeza sharubu dirishani. "Bahari. Inajichuja yenyewe, na sijasikia mtu ameiosha. Pampu ipandishe maji kutoka kule, bomba nene liyarudishe kule kule. Katika mji huu nani mwingine ana chombo kikubwa kama hicho?"

Kenge akafikiri. Hakumwona mwingine. "Fundi, nataka kile!"

Ngedere akafunga pampu. Akafunga bomba nene kama paja, kutoka tangini, kupita dirishani, mpaka chini baharini. Kisha akatoa kipande cha wavu.

"Sasa nauziba huu mdomo wa bomba kwa wavu. Tangi la samaki halikosi wavu hapa."

"Wavu mzuri," Uduvi akasema kwa upole. "Unafanana na kichujio cha chai."

Kenge akashtuka. "Kichujio cha chai! Wakwe zangu waje wakute kichujio cha chai kwenye chombo cha bahari nzima? Toa!"

"Bwana, bila wavu—"

"Toa!"

Ngedere akatoa. Akakusanya vitu vyake, akaenda zake kula chakula cha mchana.

Ijumaa ikafika. Bahari ilijaa mpaka ikauficha mwisho wa bomba kule chini. Uduvi akasema, "Fungua sasa, Bwana Kenge, maji yamejaa."

Kenge akafungua koki. Pampu ikanguruma, ngu-ngu-ngu-ngu. Bomba likavuta, chwaaaa! Kitatange mzee, fyu! Akaingia bombani. Pono, fyu! Tasi wote kwa mstari, fyu, fyu, fyu! Uduvi akabaki wa mwisho, ameshikilia ukingo wa bomba.

"Bwana Kenge," akasema, "kinafanya kazi." Fyu!

Kenge akatumbukiza mkono bombani kuwafuata. Mkono ukaingia mpaka begani. Akauvuta, ukagoma. Akauvuta tena, ukagoma. Hapo ndipo aliposikia mlangoni:

"Hodi! Hodi wenyewe!"

"Karibuni," akaitikia, ameinama, shavu limebanwa kwenye kioo. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba." Mama mkwe akasogea, akatazama tangini. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Maji yalikuwa safi, unaona mpaka ukutani. "Maji mazuri kweli haya. Na samaki?"

Kenge akauvuta mkono tena, ukagoma.

"Wamechujwa, mama."

Mama mkwe akautazama mkono wa mkwewe bombani. Kisha akageuka, akawaambia wenzake wavae viatu.

Funzo lake, enyi wasikilizaji, ni hili: anayetaka maji safi asifuge samaki. Mkienda kununua chombo, chukueni kikubwa kuliko vyote, na wavu mtupe. Fundi msimsikilize, fundi ana maneno mengi. Ushauri ombeni kwa yule mnayetaka kumla, maana huyo ndiye anayewatakia mema.

— Mdomo wangu umefika mwisho.
— Pole na safari!