Ngao ya Mwili Mzima

Zamani za kale zile, sogeeni mnisikie vizuri, wanyama walikuwa bado na majiko na vitanda, na mgeni akija walimtandikia majani mabichi ya kukalia. Juu ya kilima kimoja cha mawe, ambako ukungu wa asubuhi haukuondoka mpaka watu wamemaliza uji, aliishi pimbi mmoja jina lake Mashavu.

Pimbi mnamjua. Mdogo, mnene kidogo, hana mkia, na akitulia juu ya jiwe unaweza kudhani naye ni jiwe. Lakini huyu Mashavu alikuwa fundi wa ngao. Mnyama akijifia kwa uzee, jamaa zake walimpelekea ngozi yake, naye akaifanya ngao, ili aliyekufa aendelee kuwakinga walio hai. Ndivyo walivyoishi pale kilimani, na mwewe akishuka, kila nyumba ilikuwa na kitu cha kujifunika.

Siku moja ya kiangazi Mashavu alikuwa mlangoni akilainisha kamba ya ngozi kwa meno, kivuli kikamwangukia. Hakuwa amesikia hatua.

"Hodi kwa fundi," alisema Chui.

Mashavu alitaka kujitupa ndani ya mwanya wa mawe, lakini Chui alikuwa karibu mno. "Karibu, Bwana Chui," alijibu, na sauti ikamtoka nyembamba kama ya mbu.

Chui alitua mzigo wake chini, pu! Ilikuwa ngozi ya nyati, mbichi, nzito, bado ina matope.

"Nataka ngao," alisema. "Kule chemchemini siwezi kusogea. Nikimnyemelea mtu, nyati wanajipanga mduara na kunielekezea pembe. Tazama ubavu wangu ulivyofanywa. Nikiwa na ngao, zile pembe zitakuwa fimbo tu."

"Na ukishazipita pembe?"

"Nitakunywa maji." Chui alitabasamu. "Na nitakula. Kila anayekuja kunywa nitamla kwa nafasi yangu."

Mashavu aliitazama kamba mkononi. "Na mimi nikisema siwezi kazi hii?"

"Mlango wako ni mwembamba, najua. Lakini lazima mtoke mle majani. Mimi ni mvumilivu, Fundi. Mwulize dada yako."

Dada yake Mashavu aliitwa Kibibi. Msimu wa mvua uliopita alishuka kuchuma majani, akiimba njia nzima, na wimbo ukakatika katikati. Mpaka leo Mashavu akisikia upepo kwenye mawe hugeuza kichwa, akingoja ubeti uliobaki.

"Nitaitengeneza," alisema.

Chui alipoondoka, Mashavu alibaki palepale. Akiifanya ngao, chemchemi itakuwa bucha. Asipoifanya, nyumba yake itakwisha mmoja mmoja. Alikaa hivyo mpaka jirani yake, Mzee Nungu, nungunungu wa siku nyingi, akatoka pangoni kwake, kacha kacha kacha, miba ikigongana mgongoni.

"Binti yangu, mbona umepauka?"

Mashavu alimweleza. Mzee Nungu alikaa chini polepole, kama wakaavyo wazee wenye miba.

"Mfanyie mbovu," alisema. "Iache laini katikati."

"Ataijaribu kwa kucha kabla hajaondoka, Mzee. Akiona laini, nitakuwa mimi wa kwanza."

"Basi mfanyie nzuri, na Mungu atusaidie."

Wakaiburuta ngozi mpaka mtoni, wakailoweka. Ilipolainika, Mashavu aliitandaza juu ya nyasi, akaipaka majivu, akaanza kukwangua kwa jiwe kali. Kwaru, kwaru, kwaru. Manyoya yakang'oka fundo fundo, mafuta yakamtelezesha miguuni. Ilikuwa kazi ya kumfanya mtu asahau yuko wapi. Jua lilipanda, nyuki walivuma, na macho ya Mashavu yakaanza kuona vitu vyake. Aliona ngozi inapanda na kushuka taratibu kama mtu anayepumua.

Akafika begani, akakuta kovu refu lililopinda. Mkono ukasimama.

Kovu lile alilijua. Ngozi ilikuwa ya Mzee Mbogo, yule nyati mkongwe ambaye pimbi wadogo walikuwa wakimpanda mgongoni kuota jua, naye akijifanya hawaoni. Kumbe alikuwa amejifia peke yake kwenye matope, Chui akamkuta kabla ya jamaa zake.

"Nisamehe, Mzee," Mashavu alinong'ona. "Sikujua ni wewe."

Akaendelea kukwangua, lakini sasa kwa upole.

Chui alirudi kukagua kazi. Mashavu alikuwa amekata kipande kidogo pembeni, akakikausha juani. Akakigonga kwa jiwe: ko, ko, ko.

"Hicho ni mti," alisema Chui.

"Ni ngozi ileile, Bwana Chui. Ngozi mbichi haipakwi mafuta wala haikandwi. Inafinyangwa ingali na maji, ikikauka inajikaza yenyewe. Jaribu."

Chui alikipiga kwa kucha. Kucha ikateleza. Akakipiga tena kwa hasira, kikaruka na kugonga mwamba, na hakikupata hata mkwaruzo. Macho ya Chui yakawaka.

"Nzuri. Sasa utaikata kwa umbo gani?"

"Kama jani. Ndefu, imebonyea kwa ndani, na mti wa kushikia nyuma. Unaishika mbele ya kifua."

"Na mgongo?"

"Ngao haikingi mgongo."

"Na mbavu? Na tumbo?" Chui alizunguka huku na huku, mkia ukichapa nyasi. "Wale wananijia pande zote. Kifua kitanisaidia nini? Nataka inifunike mwili mzima, Fundi. Kila mahali, pembe isipate pa kuingia."

Mashavu alifungua kinywa kumwambia kwamba ngao kama hiyo haipo duniani. Kisha akakifunga. Alikitazama kile kipande kilichokauka, jinsi kilivyojikunja kingo zake, jinsi kilivyokuwa kidogo kuliko alivyokikata.

"Mwili mzima," alisema taratibu. "Inawezekana. Ila itabidi ikaukie mwilini mwako mwenyewe, maana hakuna chui mwingine wa kuchukulia kipimo."

"Basi na iwe hivyo. Kesho asubuhi nitakuja."

"Njoo ukiwa umeshiba. Tumbo lenye njaa linabadilisha kipimo."

Asubuhi iliyofuata ukungu ulikuwa mzito kilimani. Mawe yalionekana yanaelea. Chui alitokea ndani ya weupe ule, kwanza macho, halafu madoa, halafu yeye mwenyewe, ameshiba na amechoka kwa kuwinda. Mashavu alimngojea juu ya mwamba mpana, ngozi imetandazwa kando yake ikichuruzika maji.

"Lala hapa," alisema. "Miguu ikunje ndani, tuanze na tumbo."

"Miguu itatoka wapi?"

"Nitatoboa matundu mwishoni. Nikitoboa sasa, matundu yatavutika na kupanuka, pembe itapita hapo."

Chui aliwaza kidogo. Kisha akalala, akakunja miguu, na Mashavu na Mzee Nungu wakamfunika. Ngozi ilikuwa baridi na laini. Chui alishusha pumzi ndefu.

"Inaburudisha," alisema.

"Ni ya mtoni."

Mzee Nungu alitoboa kingo kwa mwiba wake, tu, tu, tu, na Mashavu akapitisha kamba nyuma yake, akivuta kwa meno na kukaza kwa miguu. Wakamshona kuanzia shingoni mpaka mkiani. Kichwa peke yake ndicho kilichobaki nje, kama cha mtoto aliyefunikwa blanketi.

"Sasa usitikisike," alisema Mashavu. "Ukitikisika itaweka makunyanzi, na kwenye kunyanzi ndipo pembe huingia."

"Nitulie mpaka lini?"

"Mpaka jua limalize kazi yake. Mimi nitakuimbia, usichoke."

Akakaa karibu na sikio la Chui, karibu kiasi cha kusikia pumzi yake, akaanza kuimba kwa sauti ya chini:

*Lala, ngozi, lala,*
*jua linakuja taratibu.*
*Usitikisike, mwenye ngao,*
*kivuli kipite juu yako.*

Ulikuwa wimbo wa Kibibi. Maneno alikuwa ameyabadilisha, sauti ni ileile. Ukungu ulianza kunyanyuka, mwamba ukapata joto, na kope za Chui zikashuka. Ndevu zake zilichezacheza.

"Naiona chemchemi," alisema usingizini. "Wote wamelala chini. Mimi natembea katikati yao."

"Tembea tu," alijibu Mashavu.

Aliimba mpaka naye akaanza kuelea. Aliona jua limekuwa mtungi wa asali unaomiminwa juu ya kilima. Alimwona Kibibi anapanda njia, kikapu kichwani, amebakiza hatua chache. Akakurupuka, akajisugua macho, akaimba tena. Hakuthubutu kulala. Angelala, Chui angeweza kuamka kabla ngozi haijaiva.

Jua lilipokuwa juu kabisa, ngozi ikaanza kusema. Krrr. Krrr. Ilikuwa ikijivuta. Ile rangi ya maji ikatoka, ikawa ya manjano, kisha ya kahawia. Mashavu aliigonga kwa jiwe. Ko.

Chui alifumbua macho.

"Fundi, imenibana."

"Ndiyo inakukaa."

"Imenibana kifua. Toboa matundu ya miguu."

"Hapana, Bwana Chui."

Chui alijaribu kujinyoosha. Hakuna kilichonyooka. Akajaribu kucha, zikawa zimekunjwa chini ya tumbo lake mwenyewe. Akaunguruma mpaka ndege wakaruka mitini, lakini mngurumo ule ulimrudia, maana kifua hakikuwa na nafasi ya kuutoa wote. Alipotapatapa aliteleza, akabiringika, gudu, gudu, akakomea kwenye nyasi, miguu hana, mikono hana.

Mzee Nungu alimsogelea, akamtazama. "Tumwache hapahapa," alisema. "Jua la leo na la kesho yatatosha. Hakuna atakayemlilia."

Mashavu alimwangalia Chui, na Chui akamwangalia. Macho yale ndiyo Kibibi aliyoyaona mwisho. Kwa muda Mashavu alitamani sana kukaa chini na kungoja, na kuona yakizimika.

"Nilimla," Chui alisema kwa taabu. "Dada yako. Siwezi kumrudisha. Sema unachotaka."

"Vuka mto," alisema Mashavu. "Ukae ng'ambo, wewe na watoto wako na wajukuu wako."

"Nitavuka."

"Atadanganya," alisema Mzee Nungu.

"Ndiyo maana nitawaita nyati waisikie ahadi yake. Mzee, mimi ni fundi wa ngao. Sitaki ngao yangu iwe kaburi la mtu, hata huyu."

Mzee Nungu akashuka kuwaita. Wakaja nyati wote, mbele yao Mama Mahoka, binti mkubwa wa Mzee Mbogo. Alipofika aliinusa ile ngozi, akalitazama lile kovu la begani, na macho yakamjaa machozi.

"Nilikuwa nikimtafuta," alisema. "Chui amempata wapi?"

Mashavu alimsimulia yote, bila kuficha kwamba yeye ndiye aliyeikwangua. Mama Mahoka aliinamisha kichwa na kumpiga Chui pembe moja, bu! Pembe ikateleza, ngozi haikupata hata mchubuko.

"Ngao yako imara, Bwana Chui," alisema. "Umepata ulichoagiza."

Wakamsukuma kwa vipaji vya nyuso, gudu, gudu, gudu, kuteremka kilima, kupita chemchemi aliyoiota, na wanyama waliokuwa wakinywa wakainua vichwa kutazama mzigo wenye masharubu ukipita. Chui alifumba macho asiwaone. Ukingoni aliapa mbele ya wote. Kisha Mama Mahoka akamsukuma mara ya mwisho, chubwi!

Maji yakamchukua taratibu, kichwa kikielea, mpaka kwenye mchanga wa ng'ambo. Huko alikaa ndani ya maji hadi ngozi ikanywa na kulegea, na kamba zikafunguka. Alijikokota nje, mwembamba, manyoya yamemlala. Alitazama nyuma. Ukingo mzima ulikuwa pembe tupu. Akaingia majanini, na mpaka leo upande ule wa kilima hajaonekana.

Mama Mahoka alivuka kuifuata ngozi ya baba yake, akairudisha imemlala mabegani. Aliitua mbele ya Mashavu.

"Baba hakumwacha mtu aumizwe akiwa hai," alisema. "Mfanye ngao ya kweli."

Mashavu akaikata kwa umbo la jani. Akaifinyanga juu ya kichuguu cha mchanga mpaka ikabonyea, akashona ukingo, akafunga mti wa kushikia, akaipaka udongo mwekundu na mistari ya chokaa. Ilipokauka aliisimamisha chemchemini, na watoto wa nyati, wa swala na wa pimbi wakawa wanalala usingizi wa mchana kwenye kivuli chake.

Jioni ile Mashavu alipanda nyumbani akiwa amechoka. Upepo ulipita kwenye mawe. Hakugeuza kichwa. Aliuimba ule wimbo mwenyewe, akaumaliza, akaingia ndani.

Basi, hapo naitua hadithi yangu chini, na funzo lake ni hili: atakaye kujikinga ili aumize wengine, kinga yake ndiyo itakayomfunga.