Moshi wa Bi Mwajabu

“Moshi wa mpangaji ni nguzo ya mwenye nyumba.” Mmemsikia shangazi yenu akimwambia jirani, nanyi mkaangua kicheko, eti tangu lini moshi ukashika paa! Haya, tulieni. Maneno haya yalizaliwa hapa hapa Korogwe, tena kwa kishindo.

Palikuwa na Mzee Semndili, mtu mwema ila mkono mgumu. Alijenga nyumba mbili za makuti ubavu kwa ubavu, fundi mmoja, miti ya msitu mmoja. Moja alipanga Bi Mwajabu, mjane muuza maharage na vitumbua, tangu ndevu za Mzee zikiwa nyeusi, na kodi yake haikuwahi kupanda. Ya pili alipanga karani wa shamba la mkonge, aliyekula hotelini na kulipa mara mbili.

Basi Mzee akakosa raha. Kwa karani kuta nyeupe, kwa Bi Mwajabu masizi mpaka mlangoni! Nimpandishie, nisimpandishie? Aliona haya, maana alipougua, mama huyu ndiye aliyempikia uji. Lakini tamaa ikamshinda. Asubuhi moja akavaa kanzu, akaenda.

“Hodi, dada.”

“Karibu, kaka. Kaa ule kitumbua, ndiyo kwanza vinatoka.”

“Leo sili. Nimekuja kwa neno la kodi. Jirani yako analipa mara mbili, wala hanichafulii nyumba kwa moshi. Mwezi ujao ulipe kama yeye, au unipishe.”

Mwiko ukamponyoka Bi Mwajabu. Hizo fedha hakuwa nazo, na wateja wake wote walikuwa mtaa ule.

“Kaka Semndili, niende wapi mie na vyungu vyangu?”

Mzee hajajibu, mara kraaa! Puu! Vumbi likafunika mtaa, watu wakapiga yowe. Karani akatoka mbio, shuka kiunoni, makuti kichwani.

“Nyumba imeanguka! Jamani, nyumba!”

Mzee akakimbilia huko. Akakanyaga nguzo moja iliyolala chini, ikapasuka na kumwaga mchwa. Ganda tupu! Akashika kichwa. Kisha akashtuka, akarudi mbio kwa Bi Mwajabu, akanyakua kisu cha jikoni na kukichoma kwenye nguzo iliyokuwa nyeusi tii kwa masizi. Kisu kikagoma. Akachoma nyingine, kikapinda. Miti ile ile, fundi yule yule! Mchwa walikuwa wameukimbia moshi wa kuni, wakahamia kwa asiyewasha moto. Hata leo nikisimulia hapa moyo hunidunda!

“Kaka, vipi tena? Si ulikuwa unasema kodi?”

Mzee akacheka mpaka machozi yakamtoka.

“Kodi ni ile ile, dada! Chochea moto! Tia na kuni mbichi!”

Bi Mwajabu akapiga kigelegele. Mzee akatoka nje na kisu kile kilichopinda, akawapazia sauti wenye nyumba wenzake waliokuja kushangaa:

“Jamani, moshi wa mpangaji ni nguzo ya mwenye nyumba!”