Ukuta wa Nyuma ya Kabati

"Lisogeze kwanza kabati, Mama Riziki. Hapo unapima ukuta au unapima macho ya watu?"

"Nani anaingia nyumba ya wenyewe akachungulia nyuma ya kabati? Shika tepu huko, Baba Riziki, usinipotezee siku."

"Ukuta ni ukuta, hata ule usioonekana."

"Basi huo usioonekana upambe wewe!"

Mbwana akashika ncha ya tepu. Mkewe, Mwanakombo, akapima ukuta wa ukumbini kutoka mlangoni mpaka ubavuni mwa kabati, akaliruka, akaendelea upande wa pili. Watu wa kijana aliyempenda binti yao Riziki walikuwa wanakuja kuijua nyumba kabla ya kuleta posa, na Mwanakombo alitaka wakute ukumbi uliobandikwa karatasi za maua, kama nyumba za watu wenye nafasi.

Kabati lile lilikuwa la mninga. Kulinyanyua kulihitaji majirani, na nyuma yake ukuta ulikuwa umeota chumvi. Chokaa ilivimba masika moja, ikabanduka masika yaliyofuata, na hakuna aliyeigusa. Mwanakombo hakutaka majirani wapaone pale. Aliona haya, na haya hiyo akaiita busara. Akaagiza karatasi mjini kwa kipimo chake.

Zilipofika alizibandika mwenyewe, akazikata kwa uangalifu zifuate ubavu wa kabati. Ukumbi ukang'aa. Kila aliyepita alisifu, na baada ya kusifiwa sana, Mwanakombo akaanza kuamini kwamba ukuta ule ulikuwa na maua mwanzo hadi mwisho.

Siku ya wageni ikafika. Walikuja wengi kuliko walivyotarajiwa, na pamoja nao alikuja Bi Mize, bibi yake yule kijana, ambaye magoti yake hayakupatana na makochi. Aliomba mkeka. Na desturi ya kwao ni moja: mzee akikaa chini, hakuna anayekaa mahali pa juu kuliko yeye. Basi vijana wa wageni wakainuka kutoa vyombo nje ili mikeka ienee. Yakatoka makochi, ikatoka meza. Mwanakombo akawaambia kabati waliache, ni zito mno.

"Kwetu si zito, mama," wakamjibu kwa adabu, wakalibeba.

Ukuta ukabaki wazi. Katikati ya maua pakasimama umbo la kabati, jeusi kwa unyevu, chokaa ikining'inia kama ngozi ya kidonda. Hakuna aliyecheka. Mtu mmoja alikohoa. Riziki, aliyekuwa akiingia na sinia ya kahawa, alisimama kizingitini, macho yake yakashuka sakafuni.

Kinywa cha Mwanakombo kikamtangulia. "Ni Baba Riziki huyo," akasema. "Yeye ndiye aliyepima. Karatasi zikapungua."

Mbwana alimtazama mara moja tu. Kisha akainamisha kichwa. "Kweli," akasema, "nilikosea." Akaenda kuketi pale pale penye chumvi, akaegemea ukuta, mgongo wake ukiziba kile ulichoweza kuziba.

Chakula kililiwa, kikasifiwa. Mwanakombo naye alikula, lakini hakujua ladha yake. Kila alipoinua macho alimwona mumewe akiwakaribisha wageni kwa uso mkunjufu, bila kuuondoa mgongo wake ukutani, na kila mara yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kutazama pembeni. Wageni walipoinuka, Mbwana naye aliinuka kuwasindikiza. Kanzu yake nyeupe ilikuwa imechafuka mgongo mzima.

Bi Mize alikuwa wa mwisho kutoka. Mlangoni aliitazama ile kanzu, akautazama ukuta, na zile karatasi zilizokatwa sawasawa kufuata ubavu wa kabati. Halafu akaushika mkono wa Mwanakombo, akausogeza karibu, akasema kwa sauti ya chini:

"Binti tumempenda, mwanangu, tutarudi. Hata kwetu kuna kuta zilizoota chumvi. Ila mumeo, usimfanye kabati."