Shikamoo ya Binti Mchopa

Sogeeni karibu, ila mtu asiketi jirani na yule anayemwonea wivu, maana hadithi hii inachochea. Yule wa nyuma, hamia huku. Sawa. Sasa naanza, na mwisho wake mtanilipa kwa kunijibu.

Huku kwetu Newala palikuwa na ndugu watatu wa kike, baba mmoja, mama mmoja. Mkubwa aliitwa Tabia, naye alijaliwa mikono. Alikuwa fundi cherehani, na saa mbovu, kufuli lililogoma, taa ya chemli isiyopanda utambi, vyote alipelekewa yeye. Wa kati, Somoe, alijaliwa macho. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kitu akikiona mara moja hakimtoki. Kanga uliyovaa kwenye harusi ya mwaka juzi anaikumbuka, na aliyekuazima anamkumbuka pia. Mdogo, Zaituni, alijaliwa masikio. Alikuwa akivuka Ruvuma kununua samaki wakavu, akarudi na samaki pamoja na siri za kijiji kizima, na wala hakuwa ameuliza mtu.

Wivu walijaliwa wote, tena sawasawa. Tabia akijishonea gauni, Somoe hali chakula. Somoe akisifiwa na mwalimu mkuu, Zaituni kichwa kinamuuma siku mbili. Nawajua vizuri, nimekaa nao ua kwa ua.

Sasa bibi yao mzaa mama aliitwa Binti Mchopa. Baba yake, huyo Mchopa mwenyewe, alichukuliwa na Wajerumani kuwa mpagazi katika vile vita vyao na Waingereza, akamwacha mkewe na mimba changa. Hakurudi. Hakuna aliyesema amekufa, hakuna aliyesema yu hai. Kwa hiyo matanga hayakukaliwa, na jina lake halikurithiwa.

Nanyi mnajua desturi ya huku. Mtu akifa, jina lake halilazwi nje. Siku ya arobaini huitwa mtoto mmoja wa nyumba ile, akavishwa kanzu mpya, akapewa jina, na tangu hapo yeye ndiye marehemu. Waliokuwa wakimwita marehemu baba watamwita mtoto yule baba, na watamwamkia shikamoo, hata kama bado kamasi zinamtoka. Naye ataitikia marahaba bila kucheka. Jina la Mchopa lilikuwa halijapata mtu. Bibi yetu alizaliwa, akaolewa, akazeeka, na shikamoo ya baba hajawahi kuitoa mdomoni.

Alichokuwa nacho ni chuma tu. Mama yake alikikuta kizingitini asubuhi moja, vita vimekwisha, kimefungwa kwenye majani, na aliyekiweka hakuonekana. Kilikuwa kizito, kimepinda kama goti, na chini kina pete. Wakakitundika msumarini jikoni kwa pete ile na wakakitumia kubangulia korosho. Utomvu wa maganda ukakipaka mwaka baada ya mwaka mpaka kikawa bonge jeusi. Watoto wote wa nyumba ile walikua wakikiita nyundo ya bibi.

Basi miaka michache baada ya wenzetu wa ng'ambo ya Ruvuma kupata uhuru, Binti Mchopa aliugua kifua, akawaita wajukuu zake.

"Chuma kile kinatoka kwa baba yangu," alisema. "Moyo umeniambia hivyo siku zote. Atakayeniambia ni kitu gani na kilimwacha wapi mwenyewe, mwanawe ndiye atakayevishwa kanzu. Ndiye nitakayemwita baba kabla sijafa."

Kila mmoja wa wale ndugu alikuwa na mtoto wa kiume. Mmeanza kuuona moshi?

Tabia alikuwa wa kwanza kukitia mkononi. Alikipeleka kwake, akafunga mlango. Hakukipiga, hakukichoma moto, hakukiparua kwa kisu. Alikilaza katika mafuta ya cherehani, akawa anakikwangua kwa kijiti cha mwanzi, pole pole, na utomvu ule ukamchubua vidole hata akashindwa kushona nguo za sikukuu. Kwanza ukatokea mtutu. Kisha kifyatuo. Kisha tukaona sote kwamba watu wale walikuwa wamebangua korosho kwa bastola ya jeshi maisha yao yote. Mkuu wa kituo cha polisi aliletewa akaigeuza, akacheka, akasema hii haiwezi kumwua hata mende, ile sehemu ya katikati ya kuwekea risasi haipo kabisa. Akaturuhusu tukae nayo. Lakini Tabia alikuwa ameona zaidi ya hapo: nyuma ya mpini palikuwa na herufi na tarakimu zilizogongwa, na ubavuni namba, sitini na mbili, ndogo, safi kama imepigwa jana. Utomvu ule ule ulikuwa umeihifadhi.

"Naomba niichukue kidogo, dada," Somoe alimwambia.

"Uipeleke wapi?"

"Nikaichunguze."

"Ichungulie hapa hapa, mdogo wangu, na mikono yako iwe nyuma."

Somoe aliona wivu mpaka machozi yakamlengalenga, hilo nalisema kwa kuwa nilikuwepo. Lakini hakubishana. Kesho yake alikuja na mche wa sabuni, akasema amekuja kumsaidia dada kufua. Tabia alipogeuka kuanika, Somoe akaukandamiza mche juu ya herufi zile, kisha juu ya namba, akaufunga kwenye kanga na kuondoka. Shule zilipofungwa alipanda basi hadi Dar es Salaam, sabuni mapajani, akilala hakuiachia. Pale makumbusho aliona ndani ya kioo bastola nyingine, akaijua papo hapo kwa pete yake ya chini. Mtunzaji wa pale aliisoma sabuni kwa kioo cha kujitazamia, kwa kuwa herufi zilikuwa zimegeuka. Akamweleza: ni rivolva ya Kijerumani, ya zamani hata kabla ya vita vile, na pete ni ya kufungia kamba ili isimponyoke askari. Herufi zile ni za kombania, na kombania hiyo mwishoni mwa vita ilivuka Ruvuma kuingia kwa Wareno.

Kisha akamwambia neno kubwa kuliko yote. Kila kipande cha bastola kama hii kimegongwa namba moja. Na katika bastola ya kwao, kwa jinsi Somoe alivyomchorea, pini inayoshika silinda, ile sehemu ya kuwekea risasi, imerudishwa mahali pake na kukazwa vizuri. Silinda haikuvunjika wala haikudondoka. Mtu aliitoa kwa makusudi.

Somoe akarudi akamsimulia bibi yote hayo, ila namba hakuitaja. Alijua anayeishika namba ameshika ufunguo. "Silinda iko ng'ambo," alisema, "nami ndiye nitakayeitafuta likizo ijayo."

Tabia alipoyasikia hayo, na habari ya sabuni ikamfikia, alikwenda usiku ule ule kwa Zaituni, ambaye kwa kawaida hawasalimiani. "Sitini na mbili," alimwambia mlangoni. "Vipande vya chombo kimoja hugongwa namba moja, fundi najua. Wewe ndiye unayevuka mto. Heri ukaipate wewe kuliko yule mwizi wa alama."

Zaituni akavuka. Hakuuliza habari za bastola hata siku moja, kwa sababu mtu ukimwuliza habari za silaha anafunga mdomo. Alikaa na wanawake akiparua samaki. Alikwenda kwenye misiba ya watu asiowajua, akachota maji, akaosha vyombo, akasikiliza. Vijiji vya mtoni vikamwishia, akaingia vya ndani, miguu ikamvimba, akapata homa akalazwa kwenye nyumba ya watu wasiomjua. Na huko huko, akiwa mkekani, alisikia wenyeji wanaandaa hitima. "Ya nani?" aliuliza. Wakamwambia: "Ya mpagazi wetu. Mtu wa kuja. Tunamsomea kila mwaka." Kisha wakaweka katikati ya mkeka kijichuma cheusi chenye matundu sita, na katika kila tundu wakachomeka kijiti cha udi.

Udi ulipokwisha kuungua, Zaituni alikichukua akakifuta kwa upindo wa kanga. Ubavuni palikuwa na sitini na mbili.

Wakamsimulia. Wapagazi wawili walitoroka kombania, mmoja akiwa na bastola ya mzungu aliyekufa kwa homa. Huyo mwenye bastola naye akashikwa na tumbo la kuhara, akawa hawezi tena kutembea. Aliitoa silinda, akamkabidhi mwenzake chuma kilichobaki ili akishikwa asiambiwe ana bunduki ya kupigia watu. "Peleka kwa mke wangu," alimwambia. "Na hii naishikilia mimi. Watakaokuja na hicho ndio watu wangu." Akafa ameishika. Wenyeji wakamzika, na kaburi wanalipalilia mpaka leo.

Zaituni alilia, akapelekwa kaburini, akarudi akamsimulia bibi yake. Binti Mchopa alisikiliza mpaka mwisho, akajifunika kanga usoni, akamlilia baba yake kama aliyefiwa siku hiyo. Matanga yakakaliwa, baada ya miaka yote ile. Siku ya kuvisha kanzu ikapangwa.

"Na waalikeni walionizikia baba," alisema bibi. "Waje na kile kipande."

"Mto umejaa, bibi," Zaituni alidakia.

Mto haukuwa umejaa. Tuliushangaa uso wake, hatukujua ana nini. Bibi akatuma kijana avuke na mwaliko.

Kumbe nyumba tatu zilikuwa zinajiandaa kila moja kivyake. Kanzu ilishonwa na Tabia, naye akaikata kwa kipimo cha mwanawe, ikawa haimwingii mtoto mwingine yeyote. Somoe alikwishamwandikisha wa kwake darasa la kwanza kwa jina la Mchopa. Na mtoto wa Zaituni alimfuata bibi kizee jikoni mbele za watu, akamwambia alivyofundishwa: "Hujambo, mwanangu?" Nilicheka mpaka mbavu zikauma, lakini mama zao hawakucheka.

Siku ikafika. Watoto watatu waliketi mkekani wameogeshwa, na kila mama nyuma ya wake.

"Nisingeisafisha, mngekuwa mnabangulia korosho mpaka leo," alisema Tabia. "Nitazameni vidole."

"Ungekuwa na chuma kisafi kisicho na habari," alisema Somoe. "Mimi ndiye niliyewaambia ni ya nani, ilikwenda wapi, na nini cha kutafuta."

"Mimi ndiye niliyepaona alipolala baba wa bibi," alisema Zaituni. "Nyinyi mmeona chuma tu."

Wakiwa hapo, wageni wa ng'ambo wakaingia. Mbele yao alikuwa mwanaume wa makamo, ndevu zimeanza mvi, amebeba silinda katika kitambaa cheupe. Alipiga magoti mbele ya Binti Mchopa akampa. Bibi aliitia mahali pake katika bastola, Tabia akamkazia pini, na silinda ikazunguka. Watu walipiga vigelegele.

"Nani jina lako, baba?" aliuliza bibi, kwa upole tu, alivyomwita mgeni yeyote.

Yule mtu aliinamisha kichwa. "Naitwa Mchopa."

Vigelegele vikakatika.

"Tulimzika mtu wa watu, mama, na hatukujua wenyewe ni nani. Tukaogopa kulilaza jina lake nje. Alipewa baba yangu mdogo. Naye alipofariki nikavishwa mimi. Kila mwaka ninayesomewa hitima ile ni mimi."

Binti Mchopa alimgeukia Zaituni. "Ulijua?"

"Nilijua, bibi."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungemwamkia yeye."

Hapo ndugu wale watatu wakafanya jambo ambalo sijawahi kuliona kabla ya siku hiyo wala baada yake: walikubaliana. Walishikana mikono, wakasema kwa sauti moja kwamba mtu huyu si damu, hakuna damu ya Mchopa ndani yake hata tone, na jina la nyumba halivuki mto. Mgeni aliinuka nusu. "Sikuja kudai," alisema. "Nimeleta chuma chenu. Mkitaka na jina, nalo nitalivua hapa hapa, ila mnipe siku ya kuzoea."

Bibi alishika fimbo yake akasimama. Mkekani watoto watatu walikuwa wanamtazama, mmoja amevaa kanzu inayomkaa sawasawa. Mbele yake yule mwenye mvi alikuwa bado amepiga goti.

"Shikamoo hii nimekaa nayo kifuani maisha yangu yote," alisema. "Ni moja, na kifua changu chenyewe mnakisikia. Nionyesheni nimwamkie nani."

Watu wote pale uani walitazama chini, na mimi nilitazama chini. Sasa nawageukia nyinyi. Kuna aliyechubuka vidole mpaka namba ikaonekana, na akatumia namba hiyo kumkomoa ndugu yake. Kuna aliyeifanya sabuni iseme, kisha akaficha ufunguo. Kuna aliyelifikia kaburi kwa miguu yake, akarudi na ukweli wote isipokuwa ule mmoja. Na kuna yule asiye na damu wala hila, ambaye watu wake walimsomea baba wa watu wengine wakati binti yake anabangua korosho.

Bibi amesimama, anawatazama. Wewe uliyehamia huku kutoka nyuma, anza wewe: mtu gani apokee shikamoo ya Binti Mchopa, na waliobaki utawaambia nini?