Kiungo cha Mikangwa

Sogeeni karibu, na msinikatize mpaka mwisho, kwa sababu mwisho ni wenu.

Katika mji wa Mikangwa, kando ya bahari, walikuwapo watu watatu. Bakili alikuwa fundi wa mageti, na mkono wake haukutetemeka hata akiwa na njaa. Wa pili, aitwaye Sikudhani, alioka mikate. Aliacha shule kidato cha pili, baba yake alipofariki na kumwachia tanuri, na aliweza kupima joto kwa kiganja tu. Bi. Somoe alifinyanga vyungu. Alikigonga chungu kwa kidole, akakwambia kama kina ufa ambao jicho halioni.

Kampuni moja ikaja kusimamisha mitambo ya upepo baharini. Vyuma vyote vingetoka ng'ambo, isipokuwa kama mji ungeonyesha kiungo kimoja kinachoshika, yaani vyuma viwili vilivyochomelewa vikawa kimoja. Mkaguzi wa kampuni akaacha mabamba ya chuma ya kutosha viungo vitatu, na pakiti ya vijiti vya kuchomelea.

"Nitarudi Ijumaa nikipinde kiungo chenu kwa mashine," alisema. "Kikipasuka, basi."

Bakili akaunganisha cha kwanza. Kilipendeza. Akakipiga nyundo, kikakatika kama biskuti.

Sikudhani, aliyekuwa amemletea mkate, akaokota kijiti. "Fundi, hivi vimekaa wazi siku ngapi?"

"Tatu."

"Vimekunywa unyevu wa bahari. Unga wangu nao hufanya hivyo. Nipe nivioke."

"Utavipaka na siagi?"

"Cheka, lakini nipe."

Akavioka kwa muda wa saa mbili, kwa moto mkali kuliko wa mkate, na siku hiyo hakuuza kitu.

Kwa vijiti hivyo Bakili akaunganisha cha pili. Nyundo haikukivunja. Wakaanza kufurahi, mpaka Bi. Somoe alipopita na kukigonga kwa kokoto, huku na huku.

"Hapa panaitika. Hapa pamenyamaza."

"Mama, hicho si chungu."

"Basi kikate, mwanangu, unitie aibu."

Wakakikata. Ndani palikuwa na tundu, dogo kama la sindano.

Cha tatu wakakifanya wote. Sikudhani alitoa vijiti tanurini kimoja kimoja, Bakili akachomelea, na kila tabaka lilipopoa Bi. Somoe akagonga. Mara mbili alisema, "Rudia," na mara mbili Bakili akasaga chuma akarudia.

Ijumaa mashine ikakipinda kikawa kama ndoana. Hakikupasuka.

Mkaguzi akatoa fomu. "Mmefaulu, lakini kazi inahitaji cheti, na nafasi ya chuo ng'ambo ni moja. Kuna darasa la kuchomelea, la kutunza vijiti na la kupima viungo. Andikeni jina moja kabla ya saa kumi."

"Na wawili watakaobaki?" akauliza Bi. Somoe.

"Asiye na cheti haruhusiwi kugusa chuma chetu."

"Atakayekwenda, akirudi atakuta kazi?" akauliza Sikudhani.

Mkaguzi akavua miwani. "Sitawadanganya. Nguzo nyingi za mitambo zimeshaanza kutengenezwa huko huko ng'ambo."

"Mkono ni wangu," Bakili akasema. "Na mwaka huu sijapata hata geti moja."

"Mkono huo ndio uliovunja cha kwanza, kaka," akasema Sikudhani. "Mimi shule iliniacha njiani. Sioni mlango mwingine."

"Na bila sikio langu mngempelekea tundu," akasema Bi. Somoe. "Siku hizi watu wanapikia sufuria. Nisipokwenda, sikio hili nitazikwa nalo."

"Basi tuache mstari wa jina wazi," Bakili akasema.

"Mkiacha wazi," mkaguzi akajibu, "nafasi inakwenda mji mwingine, nami nitaandika kwamba Mikangwa hakuna fundi."

Sasa ni saa tisa na nusu, na kalamu iko mezani. Yeyote atakayekwenda atawaacha wale wawili waliomfanya afae, na huenda akarudi akute nguzo zimeshasimama. Hakuna aliyenyosha mkono kuichukua.

Nawapa ninyi. Mstari ni mmoja. Mngeandika jina la nani, au mngeuacha mtupu?